Pumu ya Ngozi na Makopo Yetu ya Nyumbani

Hotuba iliyotolewa ukumbini jioni ya pili ya maadhimisho, mbele ya waumini na majirani wa Kisutu, Upanga na Kariakoo



Kamati imenipa nusu saa nizungumzie dawa za nyumbani za ngozi. Mimi si daktari. Ni mfamasia mstaafu, niliyekaa nyuma ya meza ya duka la dawa katika mitaa hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Ukikaa mahali hapo muda mrefu kiasi hicho, unajifunza kwamba maradhi ya ngozi huletwa mwisho kabisa. Mama atanunua dawa ya kikohozi na dawa ya minyoo, atalipa, ataanza kuondoka, kisha atarudi na kukunja mkono wa gauni la mtoto huku akisema kwa sauti ya chini, "Na hiki je?"

Mara nyingi "hiki" kilikuwa ule ugonjwa ambao Waswahili wameupa jina zuri kuliko majina mengi ya vitabuni: pumu ya ngozi. Kamusi hutoa pia neno ukurutu, lakini mitaani ukurutu hutumika kwa kila kinachowasha, ukiwemo upele wa kuambukiza. Pumu ya ngozi ni jina lililo sahihi zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu kweli hutembea na pumu ya kifua pamoja na mafua ya mzio katika familia moja: baba ana pumu, shangazi hupiga chafya kila vumbi linapotimka, mtoto anajikuna. Pili, kama ilivyo pumu, ugonjwa huu hutulizwa na kutunzwa, haung'olewi kwa chupa moja. Watoto wengi hupata nafuu kubwa wakikua. Wengine huishi nao hadi uzee. Mtu anayekuuzia kopo na kukuahidi kwamba utasahau kabisa baada ya wiki moja, muulize kwanza kuna nini ndani ya kopo lake. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa ndilo lililonileta hapa.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ifikirieni kama ukuta wa matofali. Seli ni matofali, na kati yake kuna mafuta ya mwili yanayofanya kazi ya udongo wa kujengea. Kwa mwenye pumu ya ngozi ukuta huo una nyufa. Maji ya mwili huvuja nje, ngozi ikakauka; vumbi, sabuni, jasho na vijidudu huingia ndani, kinga ya mwili ikawaka moto. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa Dundee, Scotland, walionesha kwamba baadhi ya watu huzaliwa na hitilafu katika protini iitwayo filagrini, ambayo ni mojawapo ya vitu vinavyoufanya ukuta huo uwe imara. Si wagonjwa wote wenye hitilafu hiyo, na kwa watu wa asili ya Kiafrika imeonekana kuwa nadra zaidi, lakini ugunduzi huo ulibadili mtazamo. Tulizoea kutafuta uchafu ndani ya damu. Sasa tunajua kwamba kazi ya kwanza ni kuziba nyufa za ukuta.

Neno moja kuhusu rangi zetu. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi ya kahawia au nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri; huonekana uzambarau, au kijivu, au weusi uliokolea, na mara nyingi vipele vidogo vinavyozunguka vinyweleo. Baada ya miezi ya kujikuna ngozi hunenepa kama gome, hasa nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya viwiko na shingoni. Nafuu ikipatikana hubaki mabaka meusi au meupe ambayo huchukua miezi kufifia yenyewe. Mabaka hayo ndiyo yanayowapeleka watu wengi kwenye makopo ya kujichubua, na hapo ugonjwa mmoja huzaa mwingine.

Sasa tuingie jikoni. Bibi zetu wa pande zote mbili za Mnazi Mmoja walikubaliana juu ya mafuta ya nazi, na kwa hakika hawakukosea. Mwaka 2008 madaktari wa Ufilipino walilinganisha mafuta ya nazi ya kukamua bila moto na mafuta ya zeituni kwa watu wazima wenye pumu ya ngozi; ya nazi yalipunguza zaidi ule ukavu na wale bakteria wanaopenda kuishi juu ya ngozi iliyochubuka. Mwaka 2014, huko huko, jaribio la watoto 117 lililinganisha mafuta ya nazi na mafuta ya madini, na ya nazi yakashinda tena. Zingatieni kwamba yaliyopimwa ni yale yaliyokamuliwa bila kuunguzwa. Yale ya kupikwa hadi yakanukia ni matamu sana kwenye wali, lakini siyo yaliyopimwa.

Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaheshimu kwa sababu ya bei yake, hayafai hapa. Watafiti wa Sheffield walionesha mwaka 2013 kwamba huudhoofisha ukuta ule ninaousema. Na mafuta ya haradali, ambayo familia nyingi zenye asili ya kaskazini mwa Bara Hindi huyatumia kumkanda mtoto mchanga, yameonekana maabara kuchelewesha ngozi kujirekebisha. Najua hapa nimegusa mkono wa mama mkwe. Kumkanda mtoto ni jambo jema na liendelee. Badilisheni mafuta tu.

Tena msidharau mafuta ya mgando. Hayana harufu ya kifahari wala hadithi ya kale, lakini hufunga maji ndani ya ngozi kuliko karibu kitu kingine chochote kinachouzwa dukani, na bei yake kila nyumba inaimudu. Chagueni yasiyo na manukato wala rangi. Ila tunaishi Dar es Salaam. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ukimpaka mtoto mgando mzito asubuhi na kumvisha sare ya poliesta, jasho litakosa njia na utampatia harara juu ya pumu ya ngozi. Katika miezi hiyo pakeni kidogo mchana, au tumieni mafuta mepesi, na mgando mwache wa usiku. Kusi likivuma, hewa ikawa kavu na baridi kidogo, ongezeni. Wanaolala na kiyoyozi usiku kucha huko Upanga nao waongeze, kwa sababu kiyoyozi hunyonya unyevu.

Kosa kubwa ninaloliona ni kiasi na wakati. Watu hupaka kama wanaotia chumvi kwenye mboga. Mtoto ambaye ngozi yake karibu yote imekauka huhitaji takriban gramu 250 za mafuta kwa wiki, na mtu mzima gramu 500. Na hupakwa mara baada ya kuoga, ndani ya dakika tatu hivi, mwili ungali na unyevu. Maji yawe ya uvuguvugu au ya baridi, na kuoga kusizidi dakika kumi. Futeni kwa kugusagusa na khanga kuukuu ya pamba, iliyolainika kwa miaka. Hakuna taulo la dukani linaloishinda. Dodoki na jiwe la kusugulia viwekwe mbali.

Juu ya sabuni nitasema kwa ukali kidogo. Ngozi yenye afya ina uchachu wa kiasi cha 5 katika kipimo cha pH. Sabuni ya mche ya kufulia hufika 9 au 10. Kuogesha kidonda cha pumu ya ngozi kwa sabuni ya kufulia, au kwa maji yaliyomiminiwa dawa kali ya kuua vijidudu, ni sawa na kuosha ukuta wa udongo kwa mpira wa maji. Tumieni sabuni laini isiyo na manukato, na hiyo nayo makwapani, kwenye mikunjo ya nyonga na miguuni. Kwingineko maji yatosha. Na kwa kuwa nyumba nyingi hapa mjini hutumia maji ya kisima yenye chumvi pindi ya bomba yanapokatika, wekeni ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya kumsuuza mgonjwa mwishoni. Ndoo moja tu inatosha.

Nimeulizwa mara tatu tangu niingie ukumbini kuhusu mwarobaini. Mti huu ni ndugu yetu mhamiaji. Asili yake ni Bara Hindi, ambako huitwa neem, ukaletwa pwani hii, na Waswahili wakaupa jina kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Majani yake yana uwezo fulani dhidi ya vijidudu. Hilo maabara zimelionesha. Maji yaliyochemshwa majani yake, yakapozwa na kuchujwa, yakitumiwa kusuuzia mwili, wengi huyavumilia na wengine husema huwapunguzia muwasho. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kunywesha. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yasiingie kinywani mwa mtoto, hata kijiko kimoja. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo waliopewa mafuta hayo kama dawa, wakapata degedege na kuharibika ini na ubongo, na baadhi yao wakafariki. Uchungu wa dawa si kipimo cha nguvu yake.

Manjano nayo tunaipenda sote, jikoni na katika sherehe za kumpaka bwana na bibi harusi. Ina kemikali inayopunguza uvimbe, lakini unga mkavu juu ya ngozi iliyopasuka hukausha zaidi, na manjano iliyokwisha kusagwa huweza kuchanganywa na rangi ya viwandani yenye risasi, kama ilivyogunduliwa Bangladesh na kutangazwa mwaka 2019. Nunueni mizizi, msage wenyewe. Shubiri hupoza, mradi utomvu wake wa njano umwagwe kwanza, maana huo huwasha. Shayiri ya uji ikisagwa laini na kukorogwa kwenye maji ya kuogea hutuliza muwasho kweli. Ndimu, hapana. Ndimu juu ya ngozi pamoja na jua la Dar es Salaam hutoa malengelenge na kuacha alama nyeusi kama iliyochorwa kwa wino. Chumvi na magadi, hapana vilevile. Na kitu chochote kipya, hata kiwe cha asili namna gani, kijaribuni kwanza mahali padogo kwenye kunjo la kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba, kabla hamjampaka mtoto mwili mzima.

Ndugu zangu, sasa nifike Kariakoo, na nizungumze kwa heshima kwa kuwa wafanyabiashara wa huko ni majirani na wengine wako humu. Kariakoo hupatikana mizizi, magome na mafuta ya kila namna, na wapo waganga wa tiba asili waliosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, watu wanaoijua kazi yao. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asilia ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974; nchi hii haikudharau mitishamba. Nazungumzia kitu kingine: lile kopo dogo jeupe lisilo na jina, au lenye jina la kubandikwa, linalojazwa kutoka ndoo kubwa, ambalo muuzaji huliita "mafuta ya asili ya pumu ya ngozi."

Lina dalili moja. Hufanya kazi haraka mno. Siku ya tatu muwasho umekwisha, siku ya saba ngozi ni nyororo na imeng'aa. Mitishamba haina kasi hiyo. Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo ni steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, iliyokorogwa ndani ya mafuta bila kuandikwa. Ndizo zile zile zinazokorogwa katika mkorogo wa kujichubua, wakati mwingine pamoja na haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini.

Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka minne aliyepakwa kopo la namna hiyo mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa karibu mwaka. Mama yake alikuwa mwangalifu kuliko akina mama wengi. Hakukosa hata siku moja. Ndiyo maana mtoto aliumia. Uso ulikuwa umevimba na kuwa wa duara kama mwezi, mapaja yalikuwa na michirizi, na ngozi ya mikono ilikuwa nyembamba hata mishipa ikaonekana. Mama alipoogopa na kuacha ghafla, ngozi yote ikawaka upya, mbaya kuliko mwanzo, akaamini kwamba mtoto anaihitaji ile dawa. Nilimpeleka hospitali pamoja na kopo lake. Ilichukua miezi mingi, kwa kupunguza polepole chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu mwili unaopokea steroidi nyingi kutoka nje husahau kutengeneza ya kwake, na kukatiza ghafla huweza kuhatarisha maisha.

Msiondoke hapa mkidhani steroidi ni sumu. Tangu mwaka 1952, haidrokotisoni ilipooneshwa kwa mara ya kwanza kwamba inafaa kupakwa, dawa hizi zimewapa usingizi watu wasiohesabika. Daktari akiandika steroidi hafifu, kwa siku kadhaa, mahali palipowaka tu, itumieni bila hofu; wengi huogopa, hupaka kidogo mno, na mtoto huendelea kuteseka bure. Kipimo ni rahisi: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili. Hatari iko katika dawa usiyoijua jina, nguvu wala kipimo.

Wala tusiwanyooshee kidole wenzetu wa ng'ambo ya uwanja peke yao. Sisi nasi hupokea mizigo kutoka kwa ndugu wa Gujarat, vidonge na poda zilizofungwa kwenye karatasi, tukaamini kwa kuwa zimetoka nyumbani. Mwaka 2003 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya Boston, Marekani. 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Elimu ya Ayurveda ni kongwe na ina hekima nyingi. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji haina ukongwe wowote.

Kuhusu chakula nitapita haraka, isipokuwa mahali pamoja. Wazazi wengi mtoto akijikuna humkataza maziwa, mayai, karanga, ndizi, biringanya, orodha ikawa ndefu kuliko chakula kilichobaki. Watoto wachache tu ndio ambao ugonjwa wao huchochewa na chakula, na hilo huhitaji kuthibitishwa na daktari. Katika nyumba zetu zisizokula nyama wala mayai, maziwa na mtindi ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya protini ya mtoto. Ukiviondoa kwa dhana tu, umempunguzia ukuaji na ngozi bado inawasha.

Ugonjwa huu hauambukizi. Wakoloni waliuacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa hofu ya maradhi. Ni ajabu kwamba bado tunachora mipaka midogo ya namna hiyo ndani ya nyumba: kikombe cha peke yake, mtoto asiyeshikwa mkono katika mchezo, msichana anayefichwa hadi posa ipite. Anayegawa prasad akiwa na mabaka mikononi hampi mtu ugonjwa. Pokeeni.

Hata hivyo, baadhi ya mapambo yetu hufanana sana na chanzo cha ugonjwa. Gundi ya bindi za kubandika huweza kuleta mzio katikati ya paji la uso na kuacha doa jeupe. Kumkum ya bei rahisi nayo huwasha. Na piko, ile hina nyeusi ambayo mabibi harusi wa Kihindi na wa Kiswahili huichora kwa furaha ile ile, huwa na kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kuchoma mkono kwa malengelenge na kuacha mzio wa maisha yote. Hina halisi ni ya hudhurungi na haikolei kwa saa moja.

Mpelekeni mgonjwa hospitali, Mnazi Mmoja iliyo karibu au kliniki ya ngozi ya Muhimbili, endapo ngozi inatoa usaha au magamba ya rangi ya asali, endapo ana homa, endapo mtoto halali kwa kujikuna, au endapo wiki mbili za mafuta na maji hazijaleta nafuu. Malengelenge madogo yaliyosongamana, yenye maumivu na homa, yasingoje kesho. Huenda ni virusi vya hepesi vimeingia kwenye nyufa zile, na hiyo ni dharura. Nchi yetu ina wataalamu. Huko KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na baadhi ya mliowahi kuhudumiwa nao hamkujua walikosomea.

Baada ya arati nitakaa kwenye meza iliyo karibu na sehemu ya kuvulia viatu hadi saa tatu usiku, na kesho pia. Atakayetaka, alete makopo yake tuyasome pamoja. Leteni na vifuniko, kwa kuwa mara nyingi maandishi yaliyobaki yako chini ya kifuniko.